Kabla mtu hajapanda: safari tupu za angani, na ngapi zilitosha

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne, Tanga. Babu yangu alikulia Unguja, na anasema pale Tunguu walikuwepo Wamarekani waliokuwa wakisikiliza chombo cha angani kikipita, na mara nyingine chombo chenyewe hakikuwa na mtu. Kwa nini wahangaike na chombo kitupu? Kama kinaweza kwenda na kurudi chenyewe, mtu alikuwa wa nini? Na waliamuaje kuwa sasa majaribio yametosha, apande mtu?"

Marahaba mwanangu, na babu mfikishie salamu zangu. Kumbukumbu yake iko sawa. Tunguu palikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vya mradi wa Mercury, mradi wa kwanza wa Marekani wa kupeleka watu anga za juu. Vituo vyote vilikuwa 18 kuzunguka dunia, viwili kati yake vikiwa juu ya meli. Kwa upande wetu chombo kilipita Kano, Nigeria, na chini ya dakika kumi baadaye kilikuwa juu ya Unguja, kisha kikaendelea juu ya Bahari ya Hindi. Wakati ule wako Wazanzibari walioamini kuwa pale pamejengwa kituo cha makombora, na jambo lenyewe likaingia kwenye siasa. Lakini Tunguu hapakurushwa kitu. Kazi ya kituo ilikuwa kupokea ishara za vipimo na kuzungumza na chombo kwa redio kwa dakika chache zile kinapopita. Mapinduzi yalipotokea Januari 1964, kituo kikafungwa mwaka huo huo.

Sasa twende kwenye swali lako la kwanza, na nitaanza na kitu kilichopo nyumbani kwenu. Zima swichi, chomoa plagi ya pasi ukutani, uishike mkononi. Ina pini tatu, na ile ya juu ni ndefu kuliko zile mbili. Hiyo ni pini ya athi, waya wa ardhini. Imerefushwa makusudi: ukichomeka, athi inatangulia kuingia, ukichomoa, athi inatoka mwisho. Kifaa chenye umeme ndani yake kisikae hata kidogo bila athi, kwa sababu umeme ukinyimwa njia yake ya kawaida unatafuta nyingine, na hiyo nyingine hujui itakuwa ipi. Mimi kazi yangu ni umeme wa ndege, na kijana yeyote anayekuja kujifunza kwangu siku ya kwanza namwekea plagi hii mezani kabla sijamwonyesha hata waya mmoja wa ndege.

Tarehe 21 Novemba 1960, huko Cape Canaveral, Florida, roketi ya Redstone ilikuwa imesimama na kapsuli ya Mercury, yaani kile chumba kidogo anachokaa mwanaanga, juu yake, ndani hamna mtu. Chini ya mkia kulikuwa na nyaya mbili kutoka ardhini, moja ya umeme na moja ya udhibiti, zote za kuchomoka zenyewe roketi inapoinuka. Ule wa udhibiti ulitakiwa kutangulia. Lakini waya uliofungwa siku ile ulikuwa wa Redstone ya kijeshi, mrefu kuliko uliohitajika, hivyo ukachelewa. Waya wa umeme ukatoka kwanza, na kwa sekunde 0.029 roketi ikabaki haina athi. Umeme ukapita njia nyingine, ukagusa swichi ambayo kazi yake ni kuiambia mitambo kuwa injini imemaliza safari yake salama. Injini ikazimika. Roketi ilikuwa imeinuka kama sentimita 10. Ikarudi ikakaa juu ya mapezi yake, wima, imejaa mafuta, haijafungwa na kitu.

Kilichofuata nakiona ndicho chenye somo kubwa zaidi. Kapsuli ilikuwa imeambiwa kuwa injini imemaliza kazi, basi ikatii. Mnara wa kuokolea, ile roketi ndogo inayokaa kichwani ili kumng'oa mwanaanga hatari ikitokea, ukawaka ukaruka peke yake, kwa kuwa kwa mujibu wa mpango baada ya injini kuzimika hauhitajiki tena. Kisha mitambo ya kutua ikapima hewa, ikakuta chombo kiko chini ya kimo cha kufungulia parashuti, ikafungua parashuti kubwa. Kipimo cha uzito hakikusikia chombo kikining'inia kwenye kamba zake, kikahesabu kuwa parashuti imeharibika, kikatoa na ya akiba. Hapo kila kifaa kilifanya sawasawa kazi kiliyofundishwa, na parashuti zikawa zinaning'inia ubavuni mwa roketi iliyojaa mafuta, upepo wowote ukizijaza unaiangusha. Wakubwa wa zamu walishauriana wee. Kuna aliyeshauri tangi litobolewe kwa bunduki ili mafuta yamwagike. Mwishowe wakaamua kutogusa chochote: wasubiri betri ziishe nguvu na oksijeni iliyo kimiminika iishe kwa kuvukizwa, ndipo mafundi wakaribie. Mafundi waliikaribia asubuhi ya pili.

Dawa yake ilikuwa nini? Waliongeza waya wa athi mrefu zaidi, wa kuchomoka baada ya nyaya nyingine zote. Ni ile ile pini ndefu ya plagi ya pasi yenu. Tarehe 19 Desemba 1960 wakarusha tena, ikaenda vizuri.

Sasa fikiria mtu angekuwa amelala ndani ya kapsuli ile, mnara wake wa kuokolewa umeshakwenda zake. Hilo ndilo jibu la kwa nini kitupu kilitangulia. Kila kifaa kilikuwa kimeshapimwa peke yake mezani, kikafaulu. Kilichokuwa hakijapimwa ni jinsi vinavyofuatana vyote vikiwa pamoja, siku ya kuondoka, kwa mpangilio wa sehemu ndogo kabisa za sekunde. Kuna makosa yanayokaa katikati ya kifaa na kifaa, na hayo hayaonekani hadi kitu kizima kiinuke.

Upande wa Wasovieti hali haikuwa tofauti, ingawa wenzao wa nje waliona mafanikio tu kwa sababu mabaya hayakutangazwa. Kati ya Mei 1960 na Machi 1961 walirusha vyombo saba vya aina ya Vostok bila mtu. Vilivyotimiza mpango na kurudi salama ni vitatu. Cha kwanza kilijielekeza vibaya, na injini ya kukirudisha duniani ilipowaka ikakipandisha juu zaidi. Cha Julai kilianguka mara baada ya kuondoka, mbwa wawili waliokuwemo, Chaika na Lisichka, wakafa. Cha Agosti kikawarudisha Belka na Strelka wakiwa hai, viumbe wa kwanza kurudi wazima kutoka kwenye mzunguko wa dunia. Hata wao walileta habari: Belka alitapika kwenye mzunguko wa nne, na habari hiyo ilichangia uamuzi wa kumpa binadamu wa kwanza mzunguko mmoja tu. Vya Desemba vyote viwili viliharibika. Cha kwanza kililipuliwa kikirudi, kwa kuwa kilikuwa kinaelekea kusikotakiwa. Cha pili roketi yake ilishindwa njiani kikaangukia Siberia katikati ya baridi kali, na mbwa wake wawili wakakutwa hai, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia.

Baada ya hapo Sergei Korolev, mhandisi mkuu wa Wasovieti, na wenzake wakajiwekea sharti: safari mbili mfululizo, kwa chombo kile kile atakachopanda mtu, mzunguko mmoja, bila dosari. Zilifanyika 9 Machi na 25 Machi 1961. Kwenye kiti alikaa sanamu wa ukubwa wa mtu, mafundi wakimwita Ivan Ivanovich. Alifanana na mtu kiasi kwamba ilibidi aandikwe usoni kuwa ni kielelezo, ili wanakijiji watakaomkuta wasije wakadhani ni maiti. Na ili kupima redio waliweka kanda ya kwaya. Kwaya ilichaguliwa kwa sababu sauti ya mtu mmoja ingewafanya wasikilizaji wa nchi nyingine waamini kuna mtu amepelekwa kwa siri, lakini nani ataamini kuwa kwaya nzima imo ndani ya chombo kimoja?

Swali lako la pili, mtu alikuwa wa nini, lina jibu zuri linalopita juu ya Unguja. Tarehe 29 Novemba 1961 Wamarekani walimrusha sokwe aitwaye Enos, aliyetoka Kameruni, azunguke dunia mara tatu. Kipande kidogo cha chuma kilikuwa kimebaki ndani ya bomba la mafuta la mojawapo ya injini ndogo za kukigeuza chombo, kikaziba. Chombo kikawa kinapinda, mitambo inakinyoosha, kinapinda tena, na kila mara mafuta yanapungua. Swichi moja ya mafunzo yake nayo iliharibika, maskini, akawa anajibu sawasawa na bado anapigwa shoti mguuni. Ikaamuliwa arudishwe baada ya mizunguko miwili. Alirudi salama. Miezi mitatu baadaye akapanda mwanaanga John Glenn, na mwishoni mwa mzunguko wa kwanza injini ndogo ya kugeuza chombo ikaleta matatizo ya namna ile ile. Glenn akashika usukani wa mkono, akaendelea, akamaliza mizunguko yote mitatu. Mitambo inajua yale iliyofundishwa. Ile kapsuli ya Novemba 1960 ilifungua parashuti ikiwa imesimama ardhini; mtu mwenye macho angetazama dirishani.

Swali la tatu ndilo zito, na ndilo linalonikosesha usingizi hata mimi ambaye kazi yangu inaishia kwenye ndege za abiria. Ngapi zinatosha?

Tarehe 31 Januari 1961 Redstone ilimbeba sokwe Ham, naye wa Kameruni. Injini ilikula mafuta haraka kuliko mpango, ikamsukuma kwa kasi iliyozidi. Alifika kilomita 253 badala ya 185 hivi, akatua mbali na meli zilizokuwa zikimsubiri. Mtikisiko ulilegeza pini ya valvu ya hewa, hewa ya kapsuli ikavuja, na Ham akasalimika kwa sababu kiti chake kilikuwa na kifuniko chake kilichofungwa chenyewe. Baharini kapsuli ikaanza kuingiza maji, mamia ya kilo. Alitolewa mzima.

Wengi walisema: sokwe amepona, hitilafu tunazijua, safari inayofuata apande mtu. Mwanaanga Alan Shepard alikuwa tayari, na angeweza kuruka Machi. Wernher von Braun, aliyesimamia roketi, akakataa. Marekebisho yamefanyika kwenye karatasi na mezani, alitaka kuyaona yakiruka. Ikaongezwa safari moja tupu, tarehe 24 Machi 1961, na kapsuli ya mfano isiyo na chochote cha maana ndani. Ilikwenda vizuri kabisa. Siku iliyofuata, 25 Machi, Wasovieti wakarusha Ivan Ivanovich wao wa mwisho. Tarehe 12 Aprili mwanaanga wao Yuri Gagarin akazunguka dunia kwa dakika 108. Shepard aliondoka 5 Mei, siku 23 baada yake.

Kwa hiyo roketi moja tupu iliwagharimu Wamarekani nafasi ya kwanza katika historia, angalau ya mtu wa kwanza kufika anga za juu. Shepard mwenyewe aliumia sana. Nimesoma habari hizi miaka mingi na bado nasema von Braun alifanya sawa. Uzuri wa safari ile haukujulikana kabla haijafanyika, na anayesema leo kwamba haikuhitajika anasema akiwa ameshaona jibu.

Hata hivyo usidhani safari mbili safi zilimsafishia Gagarin njia yote. Wakati wa kurudi, sehemu ya chombo iliyobeba injini haikuachana kabisa na tufe alilokaa, vikabaki vimeshikana kwa nyaya na kuzunguka pamoja kama dakika kumi, hadi joto la angahewa lilipozikata.

Sasa linganisha na Soyuz, chombo cha Wasovieti kilichokuja baada ya Vostok. Hapa nakuomba usome polepole. Novemba 1966 chombo cha kwanza kitupu cha Soyuz kilishindwa kujiweka sawa, kikalipuliwa. Tarehe 14 Desemba cha pili hakikuondoka kabisa. Injini zilizimwa, mafundi wakarudi kwenye roketi. Lakini jairoskopu zilikuwa bado zinazunguka. Jairoskopu ni gurudumu linalozunguka kwa kasi, nalo hushika mwelekeo wake bila kujali dunia, na dunia inageuka nyuzi 15 kila saa. Baada ya karibu nusu saa mitambo ikaona roketi "imeinama" nyuzi saba hivi, ikawasha mnara wa kuokolea. Moto ukashika roketi iliyojaa mafuta, na kukawa na kifo. Roketi haikuinama hata kidogo; dunia ndiyo iliyogeuka. Februari 1967 cha tatu kiliruka, kikatoboka ngao ya joto wakati wa kurudi, kikazama kwenye barafu ya bahari ya Aral.

Safari tatu, hakuna hata moja safi. Tarehe 23 Aprili 1967 akapandishwa mwanaanga Vladimir Komarov. Kesho yake parashuti kubwa haikutoka, akafa. Watu husema parashuti haikuwahi kuonyesha kasoro hiyo kwenye majaribio, na ni kweli. Lakini safari zile tatu zilikuwa zimeshatoa jibu, kwamba chombo hakijawa tayari, na jibu halikusikilizwa. Unaweza kurusha vitupu kumi. Kama umeshaamua tarehe ya mtu kabla ya kusoma matokeo, hujajaribu kitu.

Na usichukue hapo kanuni kwamba jaribio likiharibika lazima lirudiwe. Aprili 1968 roketi kubwa ya Saturn V, kwenye safari tupu ya Apollo 6 ya mradi wa Marekani wa kupeleka watu mwezini, ilitikisika vibaya na injini mbili za hatua ya pili zikazimika. Moja ilizimika kwa sababu bomba jembamba la mafuta, lenye mikunjo ili lisipasuke kwa mtikisiko, lilikatika. Ya pili ilikuwa nzima! Nyaya zilikuwa zimebadilishana, amri ya kufunga injini mbovu ikaenda kwa jirani yake. Sasa lile bomba: kwa nini ardhini halikuwahi kukatika? Kwa sababu ardhini baridi ya mafuta iligandisha hewa juu ya mikunjo, na ile hewa iliyoganda ikawa kama mkono unaoshika bomba lisitetemeke. Juu hakuna hewa ya kuganda. Walipopima mabomba manane ndani ya chumba kisicho na hewa, yote manane yakakatika. Wakabadilisha bomba, wakatibu mtikisiko, na safari iliyofuata ya Saturn V, Desemba mwaka ule ule, ikabeba watu watatu hadi kuuzunguka mwezi, Apollo 8. Kuna waliosema ni haraka mno. Mimi naona tofauti yake na Soyuz ni hii: hitilafu zilikuwa zimepatikana, zimerudiwa ardhini kwa makusudi hadi zikaeleweka, ndipo zikaondolewa. Kwa hiyo idadi peke yake haijibu swali lako. Chombo cha Marekani cha Orion kilipouzunguka mwezi bila watu mwishoni mwa 2022, kilirudi salama salimini, na bado vipande vya ngao yake ya joto vilikuwa vimebanduka isivyotarajiwa. Ilichukua miaka miwili hadi sababu itangazwe: gesi iliyonaswa ndani ya ngao ikakosa pa kutokea, ikaipasua.

Nirudi kwa babu. Chombo kitupu alichosikia habari zake kinaweza kuwa kile cha 13 Septemba 1961, kilichozunguka dunia mara moja. Kitini kulikuwa na mashine iliyotumia oksijeni na kutoa joto na unyevu kama mtu anavyopumua na kutoka jasho, pamoja na kanda za sauti za kujaribia redio za vituo njiani. Nacho kilikuwa chuma kilichowahi kuokoka: kapsuli ile ile iliwahi kurushwa Aprili, roketi yake ikapotea njia na kulipuliwa chini ya dakika moja baada ya kuondoka, mnara wa kuokolea ukaing'oa ikaanguka salama, ikakarabatiwa. Kwa hiyo mnara ulioaibika Novemba 1960 ulikuja kuthibitika kwenye chombo kitupu kabla ya kuaminiwa na mtu.

Na nikuombe jambo. Glenn alipita juu ya Unguja kwa mara ya kwanza jioni ya 20 Februari 1962, karibu na magharibi, dakika chache kabla hajaliona jua likizama upande wa Bahari ya Hindi. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, katikati yake, watu wakisubiri futari. Muulize babu siku ile alikuwa wapi, na kama pale Tunguu kuna mtu aliyetoka nje kutazama juu. Ukipata jibu, niandikie.